Jirani amesamehe kwa sale, mdogo wangu anataka kukiri kosa. Mahakama inahesabu lipi?

DadaWaMemorial

Habari za leo wana Moshi na Arusha. Nauliza kwa ajili ya mdogo wangu. Anayejua anijibu kwa anachokijua, kutishwa tumeshatishwa vya kutosha.

Kwetu ni Kibosho. Mimi nauza mitumba soko la Memorial, nyumbani napanda Jumapili tu. Mwezi wa pili, jua lile la kabla ya masika, maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, yalikuwa yamekuwa kama mkojo wa mtoto na zamu zikabanwa. Zamu yetu ni Alhamisi, alfajiri mpaka saa sita mchana. Alhamisi moja mdogo wangu kafika shambani akakuta nyanya zimelala na mfereji mkavu. Kupandisha juu, anamkuta mzee jirani kaziba kwa magome ya migomba, maji yote yanaingia kwake. Wakajibizana. Mzee akasema neno juu ya marehemu baba yetu ambalo sitalirudia hapa. Mdogo wangu akampiga na mpini wa jembe, mkono wa kushoto chini kidogo ya kiwiko. Picha ya hospitali inaonyesha mfupa umepata ufa.

PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ikajazwa, kijana akakamatwa, akalala ndani siku mbili, tukamdhamini. Aliposomewa shtaka mara ya kwanza alikana. Kisa? Waliolala naye mahabusu walimwambia "kana tu, ushahidi watautafuta wenyewe". Ana miaka 24, hajawahi kuguswa na polisi.

Sasa kwetu mambo hayakuishia hapo. Baba mdogo alimwita kijana, wakaenda kwa yule mzee alfajiri na jani la sale. Kwa wasio wa kwetu: sale ni ule mmea wa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba ya nyumbani. Ukiletewa jani lake kuombwa msamaha, kulikataa ni jambo zito, wazee wanakuangalia kwa jicho lingine mpaka unazikwa. Mzee akalipokea. Jumapili iliyofuata tukapeleka mbuzi na mbege, pombe yetu ya ndizi, wakanywa kibuyu kimoja. Mzee akaenda mwenyewe kituoni kusema amesamehe, akajibiwa kesi si yake tena, ni ya Jamhuri.

Mdogo wangu anasema hawezi kusimama mbele ya mtu aliyekunywa naye mbege na kuendelea kusema "si kweli". Anataka kukiri. Mama anaogopa kwamba akikiri ndiyo anapelekwa gereza la Karanga moja kwa moja. Je, anaweza kubadilisha kauli? Akikiri anapunguziwa? Na msamaha wa mzee una uzito wowote pale, au ni mambo yetu ya migombani tu?

Kijana_wa_Kijenge

Mbuzi mmoja na ndoo mbili za mbege mnataka kununulia mkono wa mtu? Ningekuwa hakimu anakula mitano bila kupepesa.

DadaWaMemorial

Bahati nzuri si hakimu. Anayefuata tafadhali.

KaraniMstaafu

Binti, pole, na mpe mama pole. Nimekaa kwenye meza ya karani wa mahakama miaka 31, nimeanzia mahakama ya mwanzo na kumalizia ya wilaya. Mimi si wakili, ila maneno "ni kweli" nimeyasikia mara nyingi kuliko kengele ya kanisa.

Huko kituoni hawakukosea. Hati ya mashtaka imeandikwa "Jamhuri dhidi ya" mdogo wako. Jirani yako ni shahidi na ndiye aliyeumia, lakini mwenye kesi ni Jamhuri. Asiyeipeleka kesi mahakamani hawezi kuirudisha nyumbani kwa mbege.

Lakini usikate tamaa, sheria yetu haikuufungia mlango usuluhishi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu, kwa shambulio la kawaida au kosa lingine la kibinafsi kati ya watu wawili, kuhimiza wapatane, ikiwemo kulipana fidia, na kusimamisha kesi, kama anaona maslahi ya umma hayadai adhabu. Tatizo lako ni ule ufa kwenye mfupa. Kofi la kilabuni ni jambo moja, mpini wa jembe uliovunja mfupa ni lingine. Angalia hati yenu imeandika nini. Shambulio la kudhuru mwili kikomo chake ni miaka 5, madhara makubwa kikomo ni miaka 7. Hivyo ni vikomo, siyo lazima. Hakimu ana uwanja mpana chini yake: faini, huduma kwa jamii, fidia, au kuachiwa kwa masharti, ile watu wanayoiita kifungo cha nje. Ingekuwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao sheria imeuwekea miaka 30 kama kiwango cha chini, hata aliyeibiwa angemwaga machozi ya msamaha mbele ya hakimu, hakimu hana pa kushukia. Nyinyi mnapo.

Sasa la kukiri. Kubadilisha kauli anaruhusiwa, mradi hukumu haijasomwa. Ataomba akumbushwe shtaka, litasomwa upya, atajibu upya. Punguzo lipo. Anayekiri ameiokolea mahakama muda, amemwondolea aliyeumia adha ya kusimama kizimbani na kuhojiwa mbele ya watu, na ameonyesha anajutia. Kipimo kinachotajwa sana ni theluthi moja ya adhabu ambayo angepewa, kwa aliyekiri mapema kabisa. Mdogo wako alishakana mara moja, kwa hiyo asitegemee theluthi nzima, lakini kukiri kabla shahidi wa kwanza hajaitwa si sawa na kukiri baada ya daktari, polisi na mzee wa watu kupanda na kushuka.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipoona watu wakiumia.

Watu wanadhani kukiri ni neno moja. Unasema "ni kweli", unasubiri adhabu. Siyo. Akisema "ni kweli", hakimu anaandika maneno yake yenyewe, kwa kadiri inavyowezekana kama alivyoyatamka. Halafu mwendesha mashtaka anasimama na kusoma maelezo ya tukio: siku gani, wapi, kwa kifaa gani, mara ngapi, PF3 inasema nini. Kisha mshtakiwa anaulizwa tena: haya uliyosikia ni kweli? Akikubali hayo ndipo anatiwa hatiani. Utaratibu huu uliwekwa bayana na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1973 kwenye shauri la Adan, na mpaka leo ndiyo unaoshikwa.

Kwa nini hatua mbili? Kwa sababu watu wetu wanakubali tendo bila kukubali kosa. Nitakupa mfano wa mahakama ambayo sitaitaja. Kijana alishtakiwa kuiba gunia la kahawa ya maganda. "Ni kweli nilichukua." Maelezo yakasomwa haraka haraka, akaitikia, miezi tisa. Mimi pale mezani nilijua, kwa sababu natoka tarafa hiyo, kwamba shamba lile wanagombania yeye na kaka yake, na kahawa aliilima kwa mikono yake. Alisema nilichukua, hakusema niliiba! Ilikwenda Mahakama Kuu, ikaonekana kukiri kwake hakukuwa wazi, akatolewa. Alikuwa ameshakaa ndani miezi minne. Na rufaa ya mtu aliyekiri ni mlango mwembamba. Kwa kawaida unaweza kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu, siyo kutiwa hatiani, isipokuwa uonyeshe kwamba ulikiri bila kuelewa, kukiri kwenyewe hakukukamilika, shtaka si kosa kisheria, au yale maelezo uliyokubali hayalijengi kosa hilo. Shauri la Laurence Mpinga la 1983 ndilo linalotajwa kila mara.

Kwa hiyo kaa na mdogo wako, siyo kumfundisha cha kusema, ila kumuuliza kilichotokea. Mzee alimpiga kwanza? Alinyanyua panga? Kama jibu ni ndiyo, halafu aseme mahakamani "ni kweli lakini alitaka kunikata", hakimu hana budi kuandika kwamba amekana, na kesi inaendelea, kwa sababu huko ni kujihami. Hiyo "lakini" nimeiona ikibadilisha siku ya watu wengi, na mara nyingi ilikuwa halali yao. Kama hakuna "lakini", aseme yote wazi. Asikiri kwa ajili ya punguzo, wala kwa ajili ya mbege.

Msamaha wa mzee mahali pake ni baada ya kutiwa hatiani. Mwendesha mashtaka ataulizwa kama ana kumbukumbu za makosa ya nyuma, atasema hana. Mdogo wako atapewa nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu. Hapo ndipo anasema habari ya sale. Na hakimu anaweza kumsikiliza mzee mwenyewe kabla ya kutoa adhabu.

MamaWawili_Sakina

Shikamoo Mzee Karani. Dada, nimesoma yote na moyo umenidunda, kwa sababu mimi ni ule upande mwingine.

Nipo Arusha. Miaka sita iliyopita aliyekuwa mume wangu alinivunja meno mawili. Wakakaa wazee wa kwao na wa kwetu sebuleni kwa mjomba. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji wa wageni, wageni wanaonijadili mimi! Nikaitwa mwishoni, nikaambiwa "mwanetu, tumeshamaliza, sema umesamehe". Nikasema. Ungesema nini mbele ya wanaume kumi na moja na baba yako katikati?

Siku ya mahakama wakanipeleka kwenye gari lao. Nikasimama, nikasema nimesamehe, naomba kesi ifutwe. Hakimu alikuwa mama. Akavua miwani, akauliza: "Nani amekuleta leo?" Nikamtaja shemeji. "Unakaa wapi sasa hivi?" Nikasema kwa mshtakiwa. "Ukitoka hapa unarudi huko?" Nikashindwa kujibu, nikaanza kulia. Hakufuta kesi siku ile. Akaiahirisha, akaagiza nizungumze na ofisa wa ustawi wa jamii bila wao. Sisemi zaidi, ila hayo meno nayatabasamia leo kwa sababu ya swali moja la mtu mmoja.

Sisemi mzee wenu amelazimishwa. Nasema umeandika mwenyewe kwamba kulikataa sale ni jambo zito. Basi huo ni msamaha wa nani, wake au wa ukoo? Kamuulize akiwa peke yake. Au kamuulize mkewe, wake ndio wanaojua.

DadaWaMemorial

Hapo umenigusa dada. Sijawahi kumuuliza mkewe hata siku moja.

WakiliMdogo_AR

Naongeza mambo machache tu, Mzee Karani ameshamaliza darasa.

Msije mkamwambia mzee "usiende mahakamani". Najua wengi wanafanya hivyo wakidhani ndiyo kumaliza. Kumzuia shahidi ni kosa lenyewe, na likijulikana ule msamaha unageuka ushahidi dhidi yenu. Akiitwa aende. Msamaha wake ausemee pale pale, kwa mdomo wake.

Fidia iliyolipwa tayari huzungumza kuliko karatasi ya msamaha. Kama mmelipa hospitali, wekeni risiti. Mbuzi hana risiti, na mahakimu wengi hawajui wamhesabu vipi.

Yale mashauriano rasmi ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka tunayo tangu mabadiliko ya sheria ya 2019. Anayetaka anaweza kuomba, mara nyingi shtaka linapunguzwa au linabadilishwa. Lakini hata huko mahakama ndiyo yenye neno la mwisho juu ya adhabu, na lazima ijiridhishe kwamba mtu amekubali kwa hiari. Kwa kesi ya mpini wa jembe sioni haja ya safari ndefu hivyo. Tafuteni msaidizi wa kisheria wa karibu akae na kijana nusu saa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na huduma ni bure.

BabuWaTeksi

Wajukuu, mimi sheria siijui, nilikuwa dereva. Miaka ile Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda ilipokuwa pale jengo la mikutano la AICC Arusha, nilikuwa nawachukua wakalimani asubuhi na kuwarudisha jioni. Ndani ya gari wakichoka walikuwa wanaongea.

Tarehe 1 Mei 1998 Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji, alikiri makosa yote sita. Mji mzima ukazungumza, maana hakuna aliyetegemea. Watu wakasema huyu sasa atapunguziwa. Tarehe 4 Septemba mwaka ule ule akapewa kifungo cha maisha. Mkalimani mmoja aliniambia kilichoandikwa kwenye hukumu: amekiri, sawa, lakini hakueleza kwa nini alifanya, hakuonyesha majuto wala kuwahurumia waliofiwa, hata alipopewa nafasi ya kusema. Na ukubwa wa cheo na kosa ukalifunika lile "ni kweli". Akakata rufaa, ikatupwa Oktoba 2000.

Mwaka 1999 ikaja hukumu ya Omar Serushago. Naye alikiri mauaji ya kimbari, lakini huyu alijisalimisha, akasaidia waendesha mashtaka, akaomba msamaha hadharani. Miaka 15. Yule mtangazaji wa redio, Georges Ruggiu, alikiri akapata 12 mwaka 2000. Makosa ya mwaka ule ule wa 1994, vinywa vitatu, mizani mitatu.

Najua mfereji wa maji na mauaji ya Rwanda havikai meza moja. Nimewaza tu kuhusu huyo kijana. Akisimama, asiseme "ni kweli" akaketi.

Kijana_wa_Kijenge

Babu umenishika. Hiyo mitano naipunguza.

DadaWaMemorial

Nimerudi, wiki tano baadaye, niliahidi kwenye meseji nitaleta majibu.

Kwanza nilimfuata mke wa mzee siku ya soko, tukakaa nyuma ya meza ya ndizi. Kasema mzee amesamehe kweli, yeye ndiye aliyembeba kijana mgongoni akiwa mdogo, hana kinyongo. Ila kuna jambo hakulisema siku ya mbege kwa sababu ingeonekana anauza msamaha. Tangu siku ile hawezi kukata majani ya ng'ombe. Wanamlipa kibarua 5,000 kwa siku, wiki sita sasa. Na hospitali walilipa 140,000 kwa kuuza mtamba. Sisi tulikula mbuzi wetu wenyewe pale kwao tukarudi nyumbani tumeridhika, binti wa mjini nikiwa wa kwanza kusifia pilau.

Nikamwambia mdogo wangu. Alikaa kimya, akaenda kukata majani kwa yule mama jioni ile ile. Hilo hakuna aliyemtuma.

Siku ya mahakama akaomba kusomewa upya. Akasema ni kweli. Maelezo yakasomwa, yakasema alimpiga mara mbili. Nikamwona anafungua mdomo, nikasema kimoyomoyo, ile "lakini" ya Mzee Karani hiyo. Hakimu akamuuliza, kuna lisilo sahihi? Akajibu: "Mara ya pili ilipiga mgomba. Ya kwanza ndiyo ilimpata. Yeye hakunigusa." Mwendesha mashtaka akakubali iandikwe mara moja. Hakimu akayaandika hayo taratibu, akamsomea, akamuuliza tena. Ni kweli.

Alipopewa nafasi hakuongelea sale kwanza. Alisema habari ya majani ya ng'ombe, kwamba anakata na ataendelea. Mzee akaitwa, akasema amesamehe tangu siku ya sale. Hakimu akamuuliza kama kuna anachodai. Mzee akaangalia chini. Akauliza mara ya pili. Mzee akasema vibarua na hospitali.

Hakimu alisema kukiri kwake kumehesabiwa ingawa kulichelewa, msamaha umehesabiwa, umri na kutokuwa na kosa la nyuma vimehesabiwa, ila kifaa na mfupa navyo vimehesabiwa. Ameachiwa kwa sharti la kutotenda kosa miezi 12, na kumlipa mzee fidia ya 350,000 ndani ya miezi mitatu. Mama alidhani "kifungo cha nje" maana yake atafungiwa nje ya Kilimanjaro, akaanza kulia, ikabidi karani amweleze.

Laki moja ya kwanza tumeshapeleka, mara hii na risiti, wakili usicheke. Zamu yetu ya Alhamisi mdogo wangu amewaachia maji saa mbili za mwanzo mpaka mkono upone. Nyanya zimepona tatu katika kumi.